Siku ya Kwanza Hakuna Kuuliza

Kanisani Kikatiti waliisoma historia ya marehemu kama inavyosomwa siku zote: alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akasoma, akaajiriwa, akastaafu, akaugua, akalala. Mzee wa kanisa aliisoma polepole, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusoma nyingi. Nilikaa benchi la katikati nikasikiliza mpaka mwisho, na katika yote yale sikumwona Mwalimu hata mara moja. Angeweza kuwa mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa akafa.

Sikulia. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kujilaumu. Tangu mama yangu aondoke, mwaka juzi, mambo mengi yananipitia namna ile, kama mtu aliyepigwa ganzi kwa daktari wa meno: unajua jino linang'olewa, unausikia mvuto wenyewe, lakini maumivu ni ya mtu mwingine. Niliweka udongo, nikala wali wa msibani, nikarudi Kimandolu. Mkobani nilikuwa na jiwe bapa nililokwenda nalo na kurudi nalo. Nitasema lilikuwa la nini, na kwa nini ilinikera kwamba mazishi yalikuwa Jumatatu.

Mwalimu mwenyewe asingeipokea historia ile. Angeirudisha na mstari mwekundu kutoka juu mpaka chini. Alitufundisha sanaa sekondari, na kila mwaka, tukifika kidato cha tatu, kila mmoja wetu ilibidi amtafute msanii aliye hai, anayefanya kazi mjini hapa au kandokando yake, amchunguze, kisha amwandike. Tuliiita kazi ya msanii. Kabla hujaandika hata neno moja alikupa sheria yake: "Hapa hatuzai wala hatuziki." Maana yake, msanii alizaliwa wapi na kwa nani haikuhusu, na namna ya kummaliza haikuhusu vilevile.

Sheria ile ilikuwa na historia yake. Kabla ya wakati wetu, mwanafunzi mmoja alimchagua mchonga vinyago aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko. Kijana alikuwa mwerevu, akapitia kwanza kwenye mtandao aone wasanii huandikwaje. Akaona wote wanazaliwa, wanahangaika, wanatambulika, kisha wanakufa. Na yeye akaandika hivyo hivyo, akafunga kwa kusema mchongaji wetu alifariki dunia akiwa ameacha kazi nyingi za kukumbukwa. Kwa utaratibu wa Mwalimu, nusu ya maksi ilitolewa na msanii mwenyewe. Basi mchongaji akaisoma kazi ile mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mimi nimekufa lini, kijana?" akauliza. "Maana leo asubuhi nimekunywa chai."

Inasemekana alimpa maksi nzuri tu, akakata chache za mazishi.

Kazi yenyewe ilikuwa na siku tatu, wiki moja kati ya siku na siku. Siku ya kwanza hakuna kuuliza. Unafika kwa msanii, unaamkia, unakaa pale anapokuonyesha, unaangalia mikono yake mpaka muda unakwisha. Ukifungua mdomo kuuliza, unarudia siku ya kwanza. Siku ya pili unaruhusiwa kuuliza chochote, lakini huendi mikono mitupu: unampelekea kitu anachopungukiwa katika kazi yake, na hakuna wa kukutajia kitu hicho, kwa sababu ulitakiwa ukione mwenyewe siku ya kwanza. Siku ya tatu unapeleka maandishi yako pamoja na kazi yake moja uliyojaribu kuiiga kwa mkono wako, naye anakaa anakupa maksi.

Mwalimu hakuwahi kuzigusa maksi za msanii. Kulikuwa na fundi wa mageti aliyetupa sifuri sote tuliopelekwa kwake kujaribu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kukunja ua la chuma likakaa. Tulikwenda kulalamika ofisini. Mwalimu alitusikiliza, akapuliza chai yake, akasema, "Ni kweli hamjui. Sasa yeye amekosea nini?"

Mimi mwenyewe, kwa kazi yangu kamili, nilimpata mwandika mabango wa Lemara, mzee aliyeandika kuta za vinyozi, mageti ya MBWA MKALI, na misalaba ya makaburi kazi nyingine zikipungua. Siku ya kwanza nilikaa juu ya kopo la rangi lililopinduliwa nikatazama. Niliona kwamba kila neno alianzia herufi ya mwisho, akarudi nyuma mpaka ya kwanza. Ulimi uliniwasha kuuliza lakini niliubana. Wiki iliyofuata nilimpelekea brashi mpya, kubwa, ya dukani. Akanishukuru sana, akaitumia kupangusa vumbi ukutani, akaendelea na brashi yake kuukuu aliyoichonga kwa wembe mwenyewe. Swali langu alilijibu bila kuinua macho: zamani aliwahi kuandika KINYOZI, ukuta ukamwishia kwenye Y, na mwenye duka akakataa kulipia nusu ya kinyozi. Tangu siku hiyo anaanzia mwisho.

Alichopungukiwa kilikuwa kitambaa. Muda wote ule nilimwona akijifutia rangi kwenye suruali, na mimi nikaona suruali chafu. Mwalimu aliandika pembeni mwa kazi yangu: "Uliangalia suruali. Ungeangalia mkono unafuata nini pale." Nilikuwa na miaka kumi na sita na niliona ananionea. Siku hizi nikikaa na mtu, hata benki, hata hospitali, bado naangalia mkono wake unafuata nini.

Kwa Mwalimu, mikono ndiyo ilikuwa salamu yake. Ulimwambia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitika, "Marahaba, lete mikono," nawe ukamletea, akaigeuza mbele na nyuma kama anayechagua viazi sokoni. Walimu wengine walikagua uchafu. Yeye alikagua kama uchafu upo. Mikono safi ilimsononesha. "Hii imelala," alisema, akakurudishia.

Alivaa sweta la kiume la kijivu, msimu wa baridi na usio wa baridi, na mfuko wake wa kulia ulining'inia chini kuliko wa kushoto kwa sababu ya vipande vya mkaa na chaki alivyovijaza humo. Kufua alifua, lakini mfuko ule haukutakata kamwe.

Alituhubiria subira, naye subira hakuwa nayo. Chai iliyofuka mvuke aliimimina kwenye kisahani, ikamuunguza vilevile, akaigombeza chai. Alisema kupiga picha kwa simu ni kazi ya wavivu, watu wasiotaka kutazama, na simu yake mwenyewe ilijaa picha za mageti ya watu, nyingine zimeinama kwa sababu alipiga huku anakimbia mbwa. Na mtu huyu aliyetusukuma kwa wageni bila huruma alikuwa na haya za ajabu. Kabla ya kumpeleka mwanafunzi kwa msanii yeyote alitangulia yeye, peke yake, akaomba ruhusa. Yule mzee wa Lemara alinisimulia jinsi alivyofika, akakohoa mlangoni, akasimama hapo ameshika mfuko wa sweta, mpaka ikabidi amuulize, "Karibu basi, mwalimu, utasimama mpaka lini?"

Kwa wazazi haya zile hazikuonekana. Baba wa mwenzetu mmoja, mfanyabiashara mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa Kilimanjaro aliyehamia mjini zamani, alikuja juu kwa sababu mwanawe alipelekwa kwa yule fundi wa mageti.

"Mwalimu, mimi nimemleta mtoto asome," alisema. "Nikitaka awe fundi wa geti, fundi ninaye mlangoni kwangu, sihitaji ada."

"Ulimpata wapi huyo fundi wako?"

"Yupo tu pale. Namuuzia vyuma."

"Maua ya kwenye geti lako ni maua gani?"

Baba yule akafikiri. Alilipita geti lile kila asubuhi na kila jioni. "Maua," akasema.

"Basi mwanao akimaliza atakuambia," Mwalimu akajibu, akamwagizia chai. Walikunywa wote wawili, na baba aliondoka akiwa bado hajaridhika. Ila mtoto hakumhamisha.

Kitu kimoja hatukukielewa. Katika miaka yote ile, hakuna aliyemwona Mwalimu akichora. Ubaoni alipiga mistari na mishale tu. Ikifika kivuli, au uso, au mkunjo wa nguo, alimwita mwanafunzi mbele, akasimama nyuma yake, akamwelekeza kwa maneno. Tulisema hajui. Mwenzetu mmoja alisema Mwalimu ni kama padri anayefundisha semina ya ndoa, na kwa bahati mbaya alikuwa mlangoni akasikia. Tulingoja adhabu. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Ukimuuliza wazi alisema, "Mimi ni mwalimu. Msanii mtafute nje." Msichana mmoja alitaka kumchagua yeye kwa kazi ya msanii. Alimkatalia, na kwa siku kadhaa hakutania na mtu. Kulikuwa na jambo hapo. Tuliliacha kama watoto wanavyoacha chumba kilichofungwa cha wakubwa.

Nilipokuwa mwalimu wa sanaa, kwenye shule ya watu binafsi hapa Kimandolu, niliichukua kazi ya msanii nzima nzima bila kuongeza wala kupunguza. Nilimpigia simu kumwambia. Akauliza tu kama nimekwenda kwanza mwenyewe kwa wasanii kukohoa mlangoni. Miaka ikapita. Yeye akastaafu, akahamia kwa kaka yake juu kidogo ya Kikatiti, akapata kiharusi kilichomwachia ulimi na miguu ya kujikongoja, kikaondoka na mkono wa kulia. Mimi nikamzika mama. Niliendelea kuingia darasani, kusahihisha, kupika, kulala. Kama mtu angeniambia siku moja imerudiwa mara mia, ningemwamini.

Muhula uliopita Mkuu wa shule aliniita. Ni mtu mwema na alikuwa anaonea aibu alichotaka kusema. Wenye shule hawataki tena wanafunzi watoke nje ya geti kwenda kukaa kwenye karakana za watu. Wazazi wana wasiwasi, na siku hizi huwezi kuwalaumu.

"Wachukue msanii kwenye mtandao," alisema. "Wachapishe, wabandike, waandike maisha yake. Shule nyingine wanafanya hivyo na wanafaulu."

"Sawa, Mkuu," nikasema. Nilisema kama mtu aliyeambiwa sukari imekwisha. Kitu alichokijenga Mwalimu maisha yake yote ya kazi kilikuwa kinafungwa mbele yangu, na mimi ndiye niliyebaki nacho, na sikusikia chochote. Nilichowaza ni kwamba itabidi asikie kutoka kwangu.

Jumamosi nikaenda Kikatiti. Nilimkuta barazani, kwenye kiti cha plastiki, amevaa sweta lile lile, migomba ya kaka yake nyuma ya nyumba na mlima umejifunika. Mkono wa kulia ulikuwa umelazwa mapajani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Lete mikono."

Aliipokea kwa mkono wa kushoto, mmoja mmoja, akaigeuza. "Imelala," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu mama."

Hakunipa pole. Alikuwa amekwisha kunipa pole wakati wake. Akiwa bado ameshika mkono wangu akaniambia niseme kilichonileta, kwa sababu naonekana nimebeba kitu. Nikamweleza yote, geti, wenye shule, mtandao. Nilitegemea agombe. Akauliza kwa utulivu, kama anasahihisha.

"Wamekataza watoto kutoka?"

"Ndiyo."

"Wamekataza msanii kuingia?"

"Hilo hawakulisema."

"Basi mpeleke ndani."

"Mwalimu, msanii gani ataacha kazi yake aje akae darasani?"

"Asiye na kazi," akasema. "Mimi."

Nilimkumbusha kwamba alituambia yeye si msanii. "Wakati ule nilikuwa mwalimu," akajibu. "Sasa nimestaafu." Na akaanza kunigombeza kwa sababu chai ilikuwa inapoa.

Mkuu alikubali kipindi kimoja. Alisema atakuja kukaa mwenyewe, aone. Kikienda vizuri, kazi ya msanii itaendelea kwa namna hiyo. Kikiharibika, tunachapisha na kubandika, na asisikie tena habari hizo. Kipindi changu kilikuwa Jumanne.

Mpwa wa Mwalimu alimleta kwa gari mpaka mlango wa darasa. Wanafunzi walikuwa wameshaambiwa sheria: leo hakuna kuuliza. Wakasimama, wakamwamkia, akaitikia, akapita akiangalia mikono yao iliyokuwa juu ya madawati. Alipoketi kwenye meza niliyomwandalia, Mkuu akainuka nyuma ya darasa kwa heshima zote.

"Wanafunzi, leo tumepata bahati. Mgeni wetu alizaliwa..."

"Mkuu," Mwalimu akasema, "hapa hatuzai. Kaa tu, baba."

Mkuu akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yamempanda juu. Wanafunzi walibana vicheko. Mimi nilimwangalia Mkuu uso, sikuweza kuusoma.

Mwalimu akapeleka mkono wa kushoto upande wa kulia wa sweta, akahangaika nao kidogo, akatoa mkaa mfukoni. Akatanguliza mstari kwenye karatasi. Karatasi ikaufuata mkono. Akairudisha, akaanza tena, ikateleza tena. Niliinuka kwenda kumshikia. Akaniangalia, nikarudi kukaa. Kisha akaushika mkono wake wa kulia kwenye kifundo, akaunyanyua, akauweka juu ya pembe ya karatasi kama mtu anayetua sufuria. Karatasi ikatulia. Akaanza kuuchora mkono ule ule.

Mstari ulitetemeka, ukakatika, ukaungwa. Kidole gumba kilitoka kikubwa mno, akakifuta kwa kiwiko cha sweta, akakichora upya, kikatoka kikubwa tena, akakiacha. Aliangalia mkono muda mrefu kuliko alivyoangalia karatasi. Msichana wa dawati la mbele alikuwa ameinama mpaka kidevu kimegusa ubao wa dawati. Nilipogeuka, Mkuu alikuwa ameinama vilevile.

Kengele ililia akiwa kwenye kucha. Nilisubiri zile kelele za madawati na hazikuja. Walikaa mpaka alipouweka mkaa chini mwenyewe. Mkono uliokuwa kwenye karatasi haukuwa mzuri wa kupendeza macho. Ulikuwa mzito. Ukiutazama ulijua kwamba wenyewe haujisikii, na kwamba kuna mtu ameuangalia bila kuuonea haya. Nilijua mkono ule ni wa nani, na nilijua pia unanihusu.

Mkuu alinisubiri mlangoni wanafunzi wakitoka. "Wasitoke," alisema kwa sauti ya chini. "Ila wasanii waingie. Kila muhula." Akaenda zake akinyoosha mgongo.

Nilimsindikiza Mwalimu mpaka kwenye gari. Mpwa wake alikuwa anamfungulia mlango, na mimi nilijua kwamba muda ni ule, nikauliza swali tulilolibeba tangu kidato cha kwanza.

"Mwalimu, kwa nini miaka yote ile hukuchora mbele yetu?"

Aliniangalia kama vile nimemletea tena brashi ya dukani. "Leo ni siku gani?"

"Siku ya kwanza."

"Hilo ni la siku ya pili." Akaingia kwa shida, akavuta mguu, akapanga mkono mapajani. Kabla mlango haujafungwa akauliza, "Umeona ninapungukiwa na nini?"

"Nimeona, Mwalimu."

"Usinitajie. Ulete."

"Nitaleta Jumanne ijayo. Ila watoto hawatoki, itabidi wewe uje."

"Nitakuja," akasema. "Mikono iwe imeamka."

Gari lilitoka getini. Nyuma ya ofisi ya walimu, karibu na tangi la maji, palikuwa na jiwe bapa lenye ukubwa wa kiganja, zito la kutosha kubana karatasi, ili mkono ule usipewe tena kazi ya kushikilia. Nililiokota jioni ile ile, nikaliosha kwa sabuni, nikaliweka mkobani lisije likasahaulika. Nilipokuwa nalikausha kwa kanga nikagundua jambo ambalo halikuwa limenipata tangu mama aondoke: nilikuwa ninaingoja Jumanne.